Sheria ya Mkeka

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya alasiri,
tunatandika mkeka chini ya ukuta wa Bi Zuweina,
hapo falaji inapokata kona kuingia shamba la kina Muhanna,
na kila mmoja anakuja na sufuria lake, kitambaa juu.

Sheria ni moja, aliitunga Bi Rayya, mwalimu mstaafu:
*Kisichopita bandarini ndicho kitakacholiwa.*
Kwa hiyo wali hauji. Wali, fikiria!
Mwezi wa kwanza waume zetu walitucheka.
Wa pili wakauliza kama kuna kilichobaki.

Zinakuja tende za fardhi zilizokandwa na ufuta,
mkate wa ile ngano fupi ya kizamani
ambayo Bi Thuraya alibakiwa na kibaba kimoja tu,
ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati,
na leo anayo majaruba matatu.
Vinakuja vitunguu thomu vidogo, vikali kama mawifi.
Yanakuja na malalamiko, hayo hayahitaji sufuria:
kisima cha ng'ambo ya wadi kimeanza chumvi,
dudu jekundu linatafuna mitende kwa ndani, kimya kimya,
na vijana wanauza zamu zao za maji
kwa mtu mwenye bwawa la kuogelea.

Mimi nilileta mchicha.
Niliupika kwa ufuta wa kusaga, maana tui ni la kopo,
na kopo, sheria inajulikana.
Bi Rayya akaonja, akafumba macho, akaonja tena,
ndipo akauliza: "Na mbegu?"

Mbegu.
Mama aliifunga kwenye pindo la kanga, Wete,
mwaka ule ambao kwetu hautajwi,
na pindo lile likashuka bandari ya Matrah
pamoja na watoto wanne na cherehani.
Nikasema kweli. Juu ya chakula sijui kudanganya.

Mkeka ukanyamaza, maji tu yakisema.
Kisha Bi Zuweina: "Kwa hesabu hiyo hata mpishi haliki."
Tukacheka, lakini cheko lile lilikuwa na mwiba ndani,
na mimi nilikuwa nimekwisha kuushika mkono wa sufuria, niliondoe.

Shafikul alikuwa anapita na jembe.
Miaka kumi na tisa anapita na jembe kando ya mikeka yetu.
Akachungulia. Akasema, kwa Kiarabu chake cha shambani
chenye maneno mawili matatu ya Kiswahili changu:
"Hii mimi najua. Mama yangu, Barisali, nyuma ya jiko."
Na ni yeye, nikakumbuka, anayeupelekea maji saa tisa za usiku
zamu yangu inapoangukia huko, nami niko kitandani.

Bi Rayya akafungua daftari, akafuta mstari, akaandika mwingine:
*Kilichonyweshwa na falaji hii ni cha hapa.*
Akausoma kwa sauti.
Akaona alichokiandika.
Akakunja miguu, akasogea, pakapatikana nafasi.

Najua, mkeka si idara ya uhamiaji.
Kipande chake kinaisha mwezi wa sita,
na sahihi inayotakiwa haimo katika daftari la Bi Rayya.
Alikula mguu mmoja mkekani, mwingine mchangani,
matonge matatu, jicho kwenye kivuli cha ukuta,
kilipofika alama akainuka
kwenda kuzibua maji upande wa Muhanna.

Nikamwahi na mbegu, nimezifunga kwenye risiti ya dukani,
punje nyeusi, ndogo kuliko nukta.
"Mpelekee mama," nikasema, "ukienda likizo."
"Mama alikufa," akasema, akizitia mfukoni,
"lakini jiko lipo."