Sifa

Bi Rukia ananiuliza mara ya tatu:
"Utaanza lini kupaka? Harusi Ijumaa."
Bado nakwangua.
Chuma kinalia juu ya mvule kama kuku aliyekanyagwa,
na vanishi ya mwaka juzi inatoka magamba magamba,
ya manjano, nyepesi kama ganda la kitunguu.
Waliupaka vijana wawili wa haraka,
siku moja, wakala pilau, wakaondoka.
Mlango uling'aa hadi vuli. Masika ukafura.
Maji yaliingia yakakosa pa kutokea,
na mti uliofungiwa na maji yake
huoza huku ukicheka.

Marehemu baba, fundi Mbaruku Kilua,
hakupenda kitu kinachong'aa.
Alikuwa na debe lake la sifa,
mafuta ya ini la papa, aliyanunua kwa wavuvi wa Sahare.
Barabara ya Kumi na Nne nzima ilijua leo Mbaruku anapaka:
madirisha yalifungwa, nguo zikaanuliwa,
na mimi shuleni nikapewa dawati la peke yangu.

"Msasa kwanza. Fuata nyuzi za mti, usizikate.
Paka, ngoja, futa. Mti unyweshwe, usiogeshwe.
Na utosi wa mlango, binti, ule ukingo wa juu
unaoonwa na mjusi tu,
huko ndiko mti una midomo. Anza huko.
Fundi anayeanza usoni ni kinyozi."

Aliniambia mimi, akawaambia wanagenzi,
akamwambia mteja aliyekuja kuuliza bei tu,
na kule Bombo, dripu mkononi, akamwambia nesi.
Siku tuliyomzika walisimama mmoja mmoja:
hakuwahi kulipua kazi.
Zilimwagika sifa za kutosha kupaka mtaa.

Mlango huu ni wake.
Chini ya bawaba kuna M.K., kwa ncha ya patasi.
Leo tumeung'oa, mimi na Shekalaghe,
tukaulaza juu ya vigoda,
na kwa mara ya kwanza nimeuona utosi wake.

Mkavu. Wa kijivu. Umepasuka kama kisigino.
Haukuonja tone.
Hata mstari wa penseli aliopimia bado upo,
haukufunikwa na kitu.

Nimepitisha kidole, kibanzi kikanichoma.
Labda mafuta yaliisha.
Labda magharibi iliingia, mvua ikanukia,
na mimi nyumbani nina surua.
Labda alisema kesho,
na kesho ikawa ada yangu ya shule.
Labda ndiyo maana aliisema sana.

"Dada, mbona huku hakukupakwa?"
Namwambia Shekalaghe alete brashi ndogo.

Nimepaka, ukanywa. Nimepaka, ukanywa.
Mara ya tatu. Ya nne.
Miaka thelathini na miwili ya kiu
inanyonya bila adabu, inatoa viputo vidogo,
hadi brashi ikaanza kuteleza
na mstari wa penseli ukazama, ukawa mweusi, ukabaki.

Bi Rukia kaja na khanga puani.
"Harufu gani hiyo! Na juu huko nani atapaona?"
"Hapaonwi na mtu," nikasema.

Kwenye risiti nimeandika: mbele, nyuma, fremu, kizingiti.
Juu sikuandika.