Ukoko wa Maji

Wali huacha ukoko, ugali huacha ukoko,
lakini katika mji huu wa kando ya mto Main
maji yenyewe, matupu, yasiyo na hata punje,
huacha ukoko.

Naujua. Nimeukwangua miaka kumi na tisa.
Nafungua mashine za kufulia jikoni mwa watu,
navuta koili, nayo hutoka imevimba, nyeupe,
kama kidole kilichofungwa bendeji,
na mwenye nyumba hushika shavu: “Ni nini hiyo?”
Ni maji yako. Uliyanywa asubuhi.

Karatasi ya manispaa inasema: digrii ishirini na tatu.
Wapangaji wageni hudhani ni joto.
Ni ugumu.
Sabuni hukataa kutoa povu, hugeuka utando wa kijivu,
glasi hutoka kuoshwa zina ukungu
kana kwamba kuna mtu kazipumulia,
na taulo likikauka husimama lenyewe.
Bi Irmtraud Fenzl, ghorofa ya tatu, alinionyesha lake:
kaliegemeza ukutani kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Lawama zote si za bomba.
Juu ya mji kuna mizabibu, chini ya mizabibu kuna mawe,
na mawe yale yalikuwa bahari,
kombe juu ya kombe, kabla hajazaliwa wa kuzihesabu.
Mvua hupita humo polepole, ikiramba.
Kwa hiyo tunachemsha bahari iliyokufa
tukitaka kikombe cha chai tu.

Haba na haba hujaza kibaba;
hapa hukijaza hadi maji yakose pa kukaa.

Bi Fenzl hakuniita kwa ajili ya mashine.
Aliweka birika mezani, akafunua kifuniko.
“Ottmar ndiye aliyekuwa akilisafisha. Jumamosi. Kwa siki.
Nyumba nzima ikinuka kama kachumbari. Niliichukia harufu ile.”
Ottmar sasa yuko Hof, kwa dada yake,
kule kwenye matale na maji laini kama manyoya.
Alipiga simu mara moja tu, kulalamika:
sabuni ya kule haitoki mwilini,
anajisuuza, anajisuuza, na bado anateleza.

Nilibandua kipande kwa bisibisi.
Unene wa sarafu, na ndani yake tabaka, tabaka,
moja la kahawia, lile la majira walipobadilisha mabomba ya mtaa.
“Ni ya muda gani hiyo?” akauliza.
Miezi kumi na moja, nikakisia.
“Na wiki mbili,” akasema.

Nikamimina siki. Ukoko ukachachuka,
ukatoa sauti ya mvua juu ya majani makavu,
na harufu ikapanda, ikapita korido, ikaingia vyumbani.
Yeye alikuwa ameshatoka kwenda kukunja nguo.
Nikasikia miguu ikisimama.
Akarudi hadi mlangoni, kitambaa mkononi,
pua juu kidogo, kama mtu anayesikiliza.
Sikugeuka. Kuna mambo fundi hageukii.

“Inatosha,” akasema. “Huo wa chini uache.”
Huo wa chini ndio unaokula umeme, nikamwambia.
“Uache.”

Ungedhani sikumtoza.
Nilimtoza: euro thelathini na tano, pamoja na ya njia.
Akanipa sarafu zote, na tufaha.

Mganga hajigangi.
Birika langu mwenyewe, nyumbani,
hulia ninapoliinua kana kwamba lina changarawe.
Naliwasha. Linachelewa, linanguruma, linachemka.
Juu ya chai hutanda ngozi nyembamba inayong'aa,
na kijiko kikiigusa hupasuka
vipande vipande, kama barafu ya asubuhi dimbwini.
Mke wangu huimwaga.
Mimi nainywa.