Kipimo cha Igawa

Saa kumi na mbili, baridi ya Agosti,
Atuganile anakunja kanga, anashuka ukingoni.
Ubao wa namba umesimama majini
kama mkwe aliyekosa kigoda.
Arobaini na moja. Jana ilikuwa arobaini na nne.
Anaandika kwa penseli, maana wino hutoroka ukilowa,
kisha anatuma Iringa, ofisi ya bonde,
ujumbe usio na salamu.

Alhamisi, namba ilipogusa thelathini na tisa,
likaja gari jeupe,
kijana wa bodi, Mwakalukwa, na kufuli sita mpya.
"Chini ya arobaini, mama, mabanio yanafungwa.
Kibali ndivyo kinavyosema.
Hata kiboko wa Ruaha ana zamu yake."
Akafunga la akina Mwashitete.
La shamba kubwa akalifunga nusu; kulikuwa na barua.
Akafunga na la Atuganile,
ambaye vitunguu vyake vilidai wiki tatu tu.

Jioni akashuka tena, yeye na penseli.
Arobaini na mbili ingeandikika vizuri.
Mto haujui kusoma, na Iringa ni mbali.
Akafuta tope ubaoni kwa kidole gumba,
akainama mpaka pua ikakaribia maji.

Thelathini na nane.
Akaikandamiza ile nane
mpaka karatasi ikatoboka.