Katika Mia Mbili

Daktari alichora tumbo langu nyuma ya bahasha,
akapiga mstari chini, umepinda kidogo,
kama tabasamu la mtu anayekuficha jambo.
"Hapa ndipo tulipopita mara ile.
Ukitaka kusukuma mwenyewe, yawezekana.
Katika wanawake mia mbili walio kama wewe,
mmoja, pengine, kovu litaachia."
Akanipa fomu mbili
na kalamu isiyoandika.

Kivukoni nilisimama pembeni, viatu mkononi,
miguu imevimba kama maandazi.
Feri ya saa tisa ikateremsha mlango wake wa chuma,
watu wakamwagika, nami nikaanza kuwahesabu wanawake.
Wa kwanza, trei ya mayai kichwani.
Wa kumi na saba anamgombeza mtoto kwa Kidigo.
Wa sitini na tatu ni Mejumaa, tuliyesoma naye chuoni,
alipita asinione.
Hesabu ikanipotea kwenye mikokoteni, nikaendelea kwa kukisia.
Nilipokaribia mia mbili nilifumba macho.
Sikutaka awe na uso.

Lugha yetu husema *kujifungua*,
kana kwamba mlango na mkono ni vya mtu mmoja.
Kwa Twalha sikujifungua. Nilifunguliwa.
Pazia la kijani, taa kama jua la saa saba,
na mtu aliuliza matokeo ya mpira
mkono wake ukiwa ndani yangu.
Mtoto akalia. Nilimsikia
kabla sijaamini kuwa ni wangu.

Uchungu wa mwana aujuae mzazi.
Haya, na aliyelala kama gogo,
akatolewa mwana kama barua sandukuni,
yeye anaujua upi?
Naujua wa siku ya tatu: kukohoa
na mto umekandamizwa tumboni.
Naujua wa kuinuka kwa ubavu,
wa kucheka na kujuta kucheka.

Shekue asema, "Mwili ni wako, amua."
Kisha auliza bei.

Mamake, Bi Mwanamkasi, achambua mchele.
"Mwanamke huzaa. Hapasuliwi kama papai.
Mimi saba, sakafuni, hapa hapa Mtongwe."
Saba. Lakini alfajiri, akiwaombea wanawe,
nimehesabu vidole vyake vikikunjwa:
hufika nane.
Sijawahi kumuuliza.

Sista Kadzo wa kliniki ndiye aliyeniambia wazi:
"Kovu likiachia, tunahesabu dakika.
Nawe kati yako na chumba cha upasuaji
kuna maji, na foleni, na injini ya serikali."
Basi si kovu tu nililokuwa nikiliogopa.
Ni mlango ule wa chuma, saa nane usiku,
umekwama nusu.

Nitahamia kwa shangazi Ganjoni, wiki mbili kabla.
Ana godoro la ziada na jirani mwenye tuktuk.
Nilipokuwa nafunga mkoba, Bi Mwanamkasi aliingia
na leso mbili zilizofuliwa hadi zikalainika.
Aliziweka kitandani. Hakuniangalia.
"Ukiona hatoki, waambie wakate.
Usingoje kunifurahisha mimi.
Mimi nilingoja."
Akatoka kwenda kufunga kuku.

Nimekaa na leso zile mapajani muda mrefu.
Kisha nimetafuta kalamu inayoandika.
Ile fomu ya kusukuma nimeitia saini, jina kamili.
Ile ya pili pia nimeitia saini,
nimeikunja mara nne, nikaiweka kati ya leso,
mahali ambapo hata mkono wa mtu mwengine
utaipata gizani.

Aliye ndani amepiga teke,
palepale, juu ya mstari.