Kuotea

Siku sita za juma nasomea upimaji wa ardhi.
Nafumba jicho moja, la pili naliegemeza kwenye darubini,
naiuliza ardhi inaanzia wapi na inaishia wapi.
Siku ya saba nakimbia kandokando ya chokaa,
kibendera cha manjano mkononi,
nikilinda mstari ambao hakuna aliyeuchora.

Ufikirie mstari huo.
Unakaa kwenye kisigino cha beki.
Beki akikohoa, unasogea.
Nao waliotupa lugha hii, sijui walijua nini,
wakaliweka kosa lake katika neno moja
na mwindaji aliyejificha kichakani
na mtu asiyejua jibu, akabahatisha:
kuotea.

Fainali ya vyuo, uwanja wa Ziwani, Jumapili ya Julai,
baridi ile ya Nairobi inayopandia mikono ya sweta.
Korongo wawili juu ya nguzo ya taa
wamekaa kama wakaguzi wa hesabu.
Njiru na Uthiru, bila kwa bila,
majina kama mapacha waliokosana.
Kombe liko mezani, manyunyu yanaanguka,
mkuu wa michezo amelifunika na gazeti la jana.

Dakika ya themanini na tisa
Lumbasi wa Njiru akaipenyeza pasi,
na Mwakio akabaki peke yake na kipa
na nyasi zote zile mbele yake.

Kibendera kilipanda kabla yangu.

Refa Jerotich akapuliza.
Mwakio hakusimama. Akapiga,
mpira ukapinda, ukagusa mwamba kwa chini,
nyavu zikalia kama gunia la mahindi linapomwagwa.
Nusu ya jukwaa ilikuwa imesharuka,
ikabidi iteremke kutoka hewani bila kitu.
"Mpimaji!" mtu mmoja akaniita; alinijua.
"Ndio nyinyi mnaokula mashamba ya watu!"
Hata wa Uthiru walicheka.

Ikaenda penalti.
Ya tano ya Njiru alipiga Mwakio,
ikapaa, ikapita ukuta,
tukasikia bati la kibanda cha mayai likiipokea.
Uthiru wakabeba kombe pamoja na gazeti lake.

Jumatatu nilirudi na futi kamba ya idara.
Msimamizi wa uwanja alidhani serikali imeuza.
Tope lilikuwa limetunza kila kitu:
matundu ya njumu za Mwakio pale alipochomoka,
na kule mbali, upande nisiouangalia,
alama ya mgongo wa Abdinoor, beki wa kushoto wa Uthiru,
aliyekuwa amelala chini, msuli umemkaza,
akipiga nyasi kofi moja moja, asionekane na mtu.
Nilipima mara tatu, ndivyo tunavyofundishwa.
Mara tatu zote, upana wa kiganja.
Alikuwa nyuma yake.
Hakuwa ameotea.
Aliyeotea ni mimi.

Siku mbili sikula vizuri.
Jumatano nikamkuta Mwakio Ngara,
kibandani kwa Mama Nduta, chapati mbili na maharagwe.
Nikaketi bila kukaribishwa, nikamwambia yote:
futi kamba, mgongo, kiganja.
Nikakiweka kiganja chenyewe mezani, akione.

Akakitazama. Akatafuna mpaka akamaliza.
"Kipyenga nilikisikia," akasema.
"Kilikuwa kimeshalia, bwana. Nilijua haihesabiwi.
Ndiyo maana nilipiga vile."
Akanyamaza kidogo.
"Ile iliyohesabiwa si uliiona ilikokwenda?"

Nje mtu alikuwa akitafuta chenji ya mia.
Mwakio akachana chapati ya pili,
akalisogeza bakuli katikati ya meza,
na hatukupima katikati ni wapi.