Kwa Fundi

Shangazi Ndealilia ameshapiga simu mara tatu.
Bibi harusi, anasema, hazururi mjini zikibaki siku mbili,
tena juani, tena na mgeni.
Nimemjibu tuko kwa fundi, na si uongo:
sketi ya Torunn imeishia magotini.
Kitenge cha sare kilikatwa kwa vipimo vya watu wa kawaida,
akaja yeye, mrefu kama nguzo ya umeme.

Fundi anatafuta kipande cha kuungia. Saa moja, anasema.
Saa moja ya fundi naijua.
Twende, nikamwambia Torunn.

Mwaka juzi kwao Bergen, asubuhi ya harusi yake,
alinipa ramani na mwavuli, akaenda kutengenezwa nywele.
Nikatembea peke yangu saa nne nzima.
Mvua ya kule hainyeshi, inaishi.
Nyumba za mbao zimeegemeana
kama wazee wanaorudi kilabuni.
Nilisoma kila kibao cha kila kona, kwa woga wa kupotea,
majina magumu, nayazungusha mdomoni kama kokwa.
Kituoni nikamwamkia mama mmoja.
Akageuka nyuma kuangalia ninamsalimia nani.

Na mapipa. Hilo sikumwambia mtu.
Kila kona pipa, kila pipa limejaa miavuli,
mbavu nje, vitambaa vimepinduka,
popo waliokufa kwa pamoja.
Nikatazama huku, nikatazama kule,
nikauchomoa mmoja wa bluu.
Ulikuja Moshi ndani ya sanduku,
chini ya gauni nililovaa kanisani kwake.

Leo yeye ndiye anauliza.
Mtaa huu unaitwaje?
Sijui. Hapa tunapaita kwa Mhindi wa baiskeli,
japo Mhindi alihama, na wanauza makava ya simu.
Na huu?
Huu ni nyuma ya benki.
Benki gani?
Ilikuwepo.

Nimezaliwa hapa, nimesomea hapa,
Jumamosi naolewa hapa,
na sijui jina la mtaa hata mmoja.
Stesheni anataka kuiona. Mimi maisha yangu yote
nimeipita kama mtu anayempita jirani asiyemdai.
Leo nimeingia. Kuna benchi limelainika kwa kukaliwa,
kuna ubaridi mzuri ukutani. Nani angeniambia?

Kutoka Mnara wa Saa hadi Mbuyuni tumesalimiwa mara kumi na moja.
Anahesabu.
Wote hao ndugu zako?
Wawili. Waliobaki wako kwenye kamati.
Na mlima?
Nikamwonyesha wingu. Ule pale.

Jua likazidi, nikafungua mwavuli.
Akanyamaza. Akasoma maandishi kwenye mpini,
ile herufi o iliyokatwa na mstari.
Huu ni wa kwetu.
Ulikuwa.
Akapitisha kidole kwenye mbavu mbili mpya,
njiti za gurudumu la baiskeli
zilizofungwa kwa uzi wa viatu.
Nilidhani atacheka.
Nimetupa mingi, akasema, sijawahi kuihesabu.
Halafu: nipeleke kwake.

Mzee Kirita hakuinua kichwa.
Umeharibika tena?
Hapana, mzee. Nimemleta mwenyewe.

Ndipo akainuka. Akapangusa mikono kwenye aproni,
akapangusa kigoda, akamwangalia mgeni
kama daktari anayetoka wodini.
Pole, mama. Tuliutibu tulivyoweza.
Nikatafsiri. Torunn akakaa, magoti karibu na kidevu,
akaupokea kwa mikono miwili.

Simu inaita tena. Safari hii ananipokonya yeye,
na Kiswahili chote alichokusanya tangu Jumanne:
Shikamoo, shangazi.
Tuko kwa fundi.

Na si uongo.