Sabini na Mbili, Nukta Mbili

Mimi mtu wa Ngamiani, nambari hazinitishi.
Nilizaliwa barabara ya kumi na nne,
nikasomea ya saba, nikaolewa ya ishirini,
na talaka yangu iliandikwa ya tisa, saa nne asubuhi.
Basi waliponiweka masijala ya hospitali
nigeuze maradhi ya watu yawe herufi na tarakimu,
nilisema: hii kazi ni ya kwetu.

Faili lilikuja Jumatano, jembamba,
lina doa la chai pembeni, au la dawa, sikunusa.
Jina: Mtoto wa Mwanasiti Mnyeto, Mwakidila.
Umri: siku kumi na tisa. Jinsia: ke.
Na chini, kwa mwandiko wa Dakta Shekalaghe
unaokimbia kama kuku aliyeona kisu,
maneno mawili tu: tezi imelala.

Imelala.
Imelala ya kuamka, au imelala ya mava?

Maana kitabu cha misimbo hakijui kulala.
Huku kuna E, sifuri tatu, nukta moja:
kazaliwa hivyo na ndivyo atakavyokuwa,
kidonge kila alfajiri hadi mvi.
Huku kuna P, sabini na mbili, nukta mbili:
hitilafu ya mpito ya tezi ya kichanga,
mgeni wa siku mbili, ya tatu hangoji jembe.

Herufi moja, na mkono ni wangu.

Nilisoma kurasa za nyuma.
Mama alikuwa na rovu, shingo imejaa,
moyo unamwenda mbio hata ameketi anapepeta mchele.
Kliniki wakampa vidonge vya kuituliza tezi yake,
akameza miezi saba, hakukosa hata siku ya mvua,
na dawa, kwa kuwa haina macho, ikapenya kondo
ikaituliza na isiyohusika.
Mtoto akatoka manjano, mzito wa kulia,
ananyonya kama aliyeshurutishwa.

Mwenzangu Mbelwa akasema, weka E tu,
saa tisa hii, ripoti ya mwezi inangojwa.
Nami ni mvivu, sikatai. Nimeweka E mara ngapi
kwa watoto ambao sikupanda ngazi kuwaulizia?
Hilo sikulihesabu.

Siku ile nilipanda.
Ngazi thelathini na moja, goti langu la kushoto ni shahidi.

Sista Nambua akafungua daftari la maabara,
kidole kikashuka, kikasimama Jumatatu:
kipimo cha pili. Imeamka.
“Hata dawa hatukumpa,” akasema. “Tulingoja.”
Na mwenye tezi yuko pale, ndani ya kanga,
anapiga ukelele wodi nzima igeuke;
bibi wa kitanda cha dirishani kaziba sikio,
na Mwanasiti anacheka, machozi yanamtoka.

Akaliona faili.
Dada, umemwandikaje mwanangu?
Naandika P.
P ndiyo nini?
Kwamba ilikuwepo, ikapita.
Akafikiri.
Na ikishapita, mnafuta?

Nikatafuta pa kuanzia.
Kompyuta zetu hazifuti, mwenzangu. Zinaongeza tu.

Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi.
Basi ongeza, akasema,
ongeza kwamba sasa analia sana.

Kulia sana nako kuna msimbo wake,
huko kwenye R, naujua kwa moyo.
Sikuuandika.